Albamu ya Pili Hudaiwa na ya Kwanza

(Maneno niliyoyasema Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, usiku tuliokutana kusikiliza albamu ya pili ya kijana wetu. Nimeyaandika kwa sababu waliokaa nyuma walilalamika kwamba kipaza sauti kilikuwa kikikatika. Kipaza sauti ni changu, na lawama nazipokea.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioko barazani, mama zangu mlioko upande ule, na nyinyi vijana mliopanda ukuta wa watu ingawa mmeambiwa mshuke, karibuni. Isha tumeswali, upepo umetulia, na punda wamefungwa inshallah. Nasema inshallah kwa sababu punda ana mahali pake katika habari hii. Nitafika.

Mimi si mtu wa jukwaa. Wengi mwanijua kwa nyaya. Arusi zenu nimeziwekea spika, kaswida za watoto wenu nimezirekodi, na kile chumba changu cha Langoni chenye magodoro ukutani ndimo kijana wetu alimorekodi albamu yake ya kwanza, na ndimo ilimotoka hii ya pili. Nimeombwa nimtambulishe kwa dakika kumi. Walioniomba wananijua, basi wameshaleta kahawa.

Ngome hii iliyo nyuma yangu ilikuwa jela mpaka mwaka 1984. Kuna wazee hapa wanaokumbuka. Kijana wetu ana mstari mmoja juu ya jambo hilo, mtausikia, mimi sitauharibu.

Nililo nalo ni jambo moja tu. Albamu ya kwanza mtu huitengeneza kwa njaa. Huchukua kila kilicho karibu: mistari aliyoiandika tangu darasa la saba, biti ya rafiki, sauti ya binti wa jirani, kisa cha mtu aliyekufa mtaani, na yote huyatia humo kwa jina lake mwenyewe. Hana nia mbaya, ana haraka tu. Kisha albamu inatoka, watu wanamjua, anaitwa huku na huku. Na siku anapokaa kutengeneza ya pili, wale aliowachukulia wanaanza kubisha hodi.

Hili sikulijua kwa akili zangu. Nililisikia kwenye albamu ya mtu wa mbali, nikalipuuza kwa miaka, mpaka hodi ikapigwa kwangu.

Vijana mnamjua Kendrick Lamar. Wazee ambao hamumjui, ni mtu wa Marekani, mzaliwa wa Compton, mji ulio kando ya Los Angeles, mwaka 1987. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Pulitzer ya muziki, ambayo kabla yake hakuwahi kupewa mtu wa rap. Lakini tuzo si habari yangu leo. Habari yangu ni albamu yake ya pili, good kid, m.A.A.d city, iliyotoka tarehe 22 Oktoba 2012. Mtoto mwema, mji wenye wazimu.

Hapa pana ubishi, na vijana wa Mkomani wameshanipigia kelele mara nyingi: Fundi, hiyo ni ya kwanza! Ni ya kwanza chini ya makampuni makubwa, nakubali, kwani Aftermath ya Dr. Dre na Interscope walikuwamo pamoja na Top Dawg walioanza naye. Lakini Julai 2011 alikuwa ameshatoa albamu ya Section.80, akiiuza mtandaoni bila kampuni kubwa. Hiyo ndiyo ya kwanza. Na asiyeisikiliza hiyo, kuna pahali katika ya pili atapita kama mtu anayesikia nusu ya ugomvi wa jirani.

Niseme pia mapema kwamba ina matusi, tena si kidogo. Sitaicheza hapa. Mama yangu yuko safu ya pili.

Ni nyimbo 12, dakika kama 68, na yote ni kisa cha siku moja. Kijana wa miaka kumi na saba ameazima gari la mamake. Amesema atarudi baada ya dakika kumi na tano. Anakwenda kwa msichana. Anafika, anakuta vijana wawili wamesimama wamejifunika vichwa, na hapo hapo simu inalia. Hapokei. Ndipo tunapomsikia mama kwenye ujumbe wa sauti: gari langu liko wapi? Na nyuma ya mama anasikika baba, habari ya gari haimhusu, yeye anauliza dhumna.

Dhumna! Wazee wangu mnaogonga dhumna kila alasiri mpaka meza inaomba talaka, kumbe mna jamaa Compton.

Sauti zile za mama na baba si za waigizaji. Ni wazazi wake hasa, Paula na Kenny. Hao ndio washirika wake wa kwanza, kabla ya jina lolote kubwa. Na jalada ni picha ya zamani ya nyumbani: yeye mchanga amepakatwa, babu yupo, wajomba wapo, chupa ya maziwa ya mtoto iko mezani na chupa ya pombe iko jirani yake. Wakubwa wote wamefunikwa macho kwa ukanda mweusi. Macho yaliyoachwa wazi ni ya mtoto. Mimi picha ile niliitazama mara nyingi kabla ya kutambua kwamba yeye ndiye shahidi.

Sasa tazameni aliwaita akina nani wengine, na aliwapa kazi gani. Sisi twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kendrick humpa mtu jembe mlangoni.

Katika wimbo uliobeba jina la mji wenye wazimu, biti inavunjika katikati, inageuka kuwa ya kizamani, na anaingia mtu mzima, MC Eiht wa kundi la Compton's Most Wanted. Huyu alikuwa akirap juu ya mitaa ile ile tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Kendrick akiwa bado ananyang'anywa peremende. Hakuitwa kuja kuvuma. Ameitwa kama mzee wa mtaa anavyoitwa kwenye kesi ya ardhi, aseme mpaka ulikuwa wapi. Kwenye Money Trees yumo Jay Rock, mtu wa Watts, jirani, aliyekuwa Top Dawg kabla hata Kendrick hajajulikana. Amepewa beti la mwisho, na wengi husema kampiku mwenye nyumba. Mwenye nyumba kamwachia. Nawauliza wana-rap wa Lamu, mmoja mmoja: nani kati yenu angemwachia mwenzake beti la mwisho, akijua fika atapikuliwa? Naona mwatazama baharini.

Drake naye yumo, mtu wa Toronto, jina kubwa sana wakati ule, kwenye wimbo wa mapenzi wenye kipande cha sauti ya Janet Jackson ndani yake. Nitasema lililo moyoni: Drake pale ni mgeni wa arusi. Kavaa vizuri, kanukia, kala pilau, kaondoka. Wimbo ni mtamu, ila ukiutoa kisa hakipungui sana. Na kuna mgeni ambaye hakuingia kabisa. Lady Gaga alirekodi sehemu yake kwenye wimbo mmoja, mambo hayakuafikiana, wimbo ukatoka bila yeye, na yeye akaitoa sehemu yake mwenyewe baadaye. Mara ngapi mimi nimeshindwa kuitoa sauti ya mtu kwenye wimbo kwa kumwonea haya!

Kwa upande wa biti walikuwa zaidi ya kumi: Pharrell Williams, Hit-Boy, T-Minus, Scoop DeVille, DJ Dahi, Terrace Martin, Sounwave ambaye ni wa nyumbani, na Just Blaze wa kufungia. Watu wengi namna hiyo, kwa kawaida albamu hutoka kama mchuzi uliopikwa na wake wenza. Hii haikutoka hivyo. Mimi kama fundi nina upendeleo wangu, na nitausema: kwenye meza ya kuchanganya sauti alikaa sana mtu mmoja, Derek Ali, wanayemwita MixedByAli. Mkisikia ile hali ya kwamba nyimbo zote zinatoka ndani ya gari moja, usiku mmoja, madirisha yamefungwa nusu, jueni kuna mtu aliyekesha. Hakuna anayemshangilia fundi. Basi leo nimemshangilia.

Kuna wimbo humo wa pombe, Swimming Pools. Unaonya juu ya ulevi, kisa chake ni mtu anayesukumwa na wenzake anywe zaidi. Mwaka mmoja nilikuwa Malindi kwenye kazi ya spika, usiku, ufukweni, ukapigwa wimbo ule na watu wote wakainua glasi. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Maana kabla yake, kwenye albamu hiyo hiyo, ameshasema yeye ni mtoto mwema mpaka awe na wenzake. Wenzangu wa rika langu tuliowazika hapa Lamu kwa ajili ya unga, hakuna aliyeshikwa mkono na adui. Mtu alipewa na rafiki, barazani, kwa kicheko. Siku ile ufukweni niliwahesabu. Majina sitayasema, mama zao wako hapa.

Nifike kwenye pahali penyewe.

Wimbo wa kumi. Ni mrefu, dakika 12 kwa jumla, nyimbo mbili zilizounganishwa. Ya kwanza inaitwa Sing About Me: niimbe mimi. Beti la kwanza Kendrick hasemi kama Kendrick. Anasema kama kijana ambaye ndugu yake, rafiki wa Kendrick, ameuawa siku ile. Kijana anamshukuru kwa kuwa naye wakati ndugu yake anakata roho, kisha anamwomba: nikifa kabla albamu yako haijatoka... na hapo hapo risasi zinalia. Sentensi haikuisha. Biti inaendelea kwenda, bila mtu. Mimi nimekaa na vifaa vya sauti zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi kusikia kimya kilichorekodiwa vizuri kama kile.

Beti la pili ndilo langu. Kwenye Section.80, albamu ya kwanza, kuna wimbo juu ya msichana aliyeitwa Keisha, aliyekuwa akiuza mwili, akauawa. Wimbo mzuri, watu walilia. Sasa kwenye albamu ya pili anakuja dada yake Keisha. Na hakuja kushukuru. Kaja na ghadhabu: nani alikuruhusu kumwimba dada yangu? Ulimjua? Ulikuwa na haki gani ya kumweka kwenye wimbo, watu wamhukumu? Anasema na kusema, anaapa kwamba yeye hatafifia, na huku anaapa, sauti yake inashushwa kidogo kidogo. Inafifia. Bado anaapa, tena kwa ukali zaidi, na sisi hatumsikii.

Mtu kaandika shitaka juu yake mwenyewe, kalisoma kwa mdomo wake mwenyewe, na fundi kalishusha kwa kidole. Beti la tatu ndipo anapojibu kwa sauti yake, na hajitetei sana.

Mimi beti lile nililipenda kwa ufundi. Jinsi sauti inavyoshuka, wapi imeanza kushuka, kwa kasi gani. Nililirudia chumbani mara nyingi, nikimfundisha msaidizi wangu. Mwalimu hodari! Sikujua ninamfundisha dhambi yangu.

Albamu ya kwanza ya kijana wetu mnaikumbuka. Ilikuwamo kwenye kila flashi, kila bodaboda wa Mokowe, kila boti. Na wimbo uliobeba albamu ile unaanza kwa zumari. Watoto wanaupiga kwa midomo wakienda madrasa, nyi nyi nyiiii, hata nisiendelee. Zumari ile ilipigwa na mzee mmoja. Alikuja asubuhi, kavaa kikoi na koti, zumari kaifunga kwenye kitambaa. Aliomba kikombe cha maji, akautia ulimi wa zumari majini, ule ulimi wa jani, akaungoja ulainike huku akituangalia kama tuliochelewa sisi. Kisha akapiga dakika arubaini. Mashavu yamejaa, pumzi haikatiki. Anavuta kwa pua huku anatoa kwa mdomo, wanavyofanya wenyewe. Tukampa soda na shilingi 500 za nauli. Akasema ahsante.

Tulikata sekunde kumi na nane katika zile dakika arubaini. Tukaziweka mbele ya wimbo, tukazirudia katikati na mwisho. Na tulipofika kwenye kuandika nani kafanya nini, tukaandika: maneno, fulani. Muziki, fulani, yaani mimi. Basi.

Baada ya miaka minne mlango wa studio ukagongwa. Msichana mdogo, kavaa buibui, kashika mkoba wa shule. Hakukaa. Akasema: babu yangu alikuwa arusini, akasikia spika. Watu wakamwambia huo ni wimbo wa fulani. Babu asema nije niwaambie kwamba pumzi ile ni yake.

Pumzi ile ni yake. Akaaga, akenda zake.

Nilirudi ndani nikakaa. Nikamwambia msaidizi wangu, weka ule wimbo wa dada yake Keisha. Akaniuliza, tunafundisha? Nikamwambia, hapana.

Haya, na tusijifanye hatukufundishwa. Sisi watu wa visiwa hivi tulijua kutajana majina kabla ya kuja umeme. Watunzi wa tenzi walikuwa wakifika mwisho wanajitaja, mara nyingi na mwaka na idadi ya beti, ili utendi usitembee ulimwenguni kama mtoto wa kuokota. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na mpaka leo hakuna anayeuliza ni wa nani. Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, udi wake uliingia kila nyumba ya pwani, na mashairi mengi aliyoyaimba yalitoka kwa Sheikh Ahmed Nabhany, mwana wa Lamu vilevile. Mmoja ana vidole, mmoja ana maneno. Hiyo nayo ni kolabo, ingawa hawakuiita hivyo, na waliosikiliza kwa makini walijua shairi ni la nani na mkono ni wa nani.

Ila hata Nabhany tumemla. Kila siku mwasema runinga, runinga imeharibika, zima runinga. Neno lile alilileta yeye. Nani hapa alikuwa akijua? Mikono mitatu. Haya.

Na nyinyi mnaodhani kutupiana mistari kumeletwa na Wamarekani, waulizeni wazee habari za mashairi ya Kimondo, uchaguzi wa Lamu Mashariki miaka ya 1974 na 1975. Mtu anatunga usiku, anarekodi kwenye kanda, asubuhi kanda iko kwenye jahazi, jioni jibu limeshatungwa na kanda nyingine inarudi. Visiwa vizima vilikuwa vikingoja kanda. Watu walipigana kwa vina na mizani mpaka wakasahau nani aligombea. Nasema haya ili kijana wetu asije akadhani amezaliwa na biti.

Turudi chumbani Langoni. Kijana alipokuja kunieleza anataka kuanza albamu ya pili, alikuja na orodha ya majina. Msanii mkubwa wa Nairobi, mwingine wa Dar es Salaam, prodyuza mmoja anayejulikana. Orodha nzuri. Nikamwambia habari ya msichana wa mkoba. Alinyamaza. Kisha akasema neno ambalo lilinifanya nikubali kufanya kazi naye tena: basi Fundi, hawa wa Nairobi wangoje, twende kwa mzee.

Tulimkuta ukumbini, kalala juu ya pavumbu, macho yameingia ukungu. Tulianza na maneno mengi ya samahani. Akatuacha tuseme mpaka tukaishiwa. Halafu akauliza, mwataka nini? Kijana akamwambia anataka apige tena, na safari hii jina lake litaandikwa kwenye jalada, herufi kubwa, na kwenye mtandao, kila mahali. Mzee akacheka. Akasema, kwa Kiamu chake kile cha zamani: "Mwanangu, mato yangu hayaoni, na hata yangaliona, mimi sisomi. Sitaki kuandikwa. Nitaywe kwa kanwa."

Atajwe kwa mdomo. Kwenye wimbo wenyewe, kwa sauti, kabla ya zumari kulia. Hilo ndilo alilotaka. Habari ya pesa tuliileta sisi.

Na tuliileta kwa karatasi. Hapa nitapita haraka kwa sababu haina utamu, lakini vijana sikilizeni. Kabla ya kurekodi, tulikaa watu wanne: kijana, mimi, mzee na mjukuu wake wa kumsomea, tukaandika nani ana asilimia ngapi ya wimbo. Maneno ya nani, biti ya nani, zumari ya nani. Tukatia saini, mzee akatia kidole. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi ya muziki maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake yule msichana wa mkoba atakuja kuwa bibi na bado karatasi ile ina kazi. Binti anayeimba kiitikio kwenye wimbo wa sita pia ana karatasi yake. Babake aliweka sharti kwamba uso wake usionekane kwenye video, tukaliandika nalo. Ilituchukua alasiri moja na birika mbili za kahawa. Albamu ya kwanza hatukuwa na alasiri moja?

Siku ya kurekodi mzee alifika kwa punda. Tulimfunga punda nje. Kikombe cha maji kikaletwa, ulimi wa zumari ukalowekwa, akatutazama vile vile kama tuliochelewa, ingawa nadhani hakuwa akituona. Nikampa ishara ya bega. Akaanza. Alikuwa katika pumzi moja ndefu, sijui dakika ya ngapi, sauti moja tu iliyonyooka kama uzi wa nahodha, mara punda wake nje akalia. Ukuta wangu ni wa mawe ya matumbawe, mnene kama mkono, na magodoro juu yake; punda hakujali. Nikanyoosha mkono nizime. Mzee hakuacha. Aliishika ile sauti, akaipandisha taratibu mpaka ikakutana na punda, wakaenda pamoja kidogo, punda akanyamaza, yeye akateremka peke yake.

Kijana alinitazama. Nikamwambia, hatukati. Imo. Mtaisikia.

Wasanii wa Nairobi na Dar es Salaam wamo pia, msihuzunike, wimbo wa pili na wa nane. Wamefanya kazi nzuri. Yule wa Nairobi alipoisikia zumari aliomba apewe beti fupi zaidi, na hilo limenipa heshima kubwa kwake.

Nilikuwa nimesahau kuwaambia yule kijana wa Compton iliishia vipi siku yake. Kuelekea mwisho, mama anapiga tena simu. Gari hajalipata. Lakini sauti imebadilika, amechoka, anamwambia kwamba Top Dawg wamepiga wanamtaka studio, kwamba alichopewa akitumie, arudi awasimulie watoto wa Compton. Na kwamba akirudi usiku akigonga yeye asisikie, ufunguo anajua unapowekwa. Halafu inasikika kanda ikirudishwa nyuma, anaingia Dr. Dre, mtoto wa Compton aliyetangulia, aliyekuwa na kundi la rap la N.W.A. Wimbo wa kishindo, biti ya Just Blaze. Na mwisho kabisa, kishindo kimeshapita, tunamsikia yule kijana wa miaka kumi na saba: mama, naazima gari kidogo. Dakika kumi na tano narudi.

Wiki ile ilipotoka ilishika nafasi ya pili Marekani, nyuma ya Taylor Swift, ikauza nakala zaidi ya 240,000. Kwenye tuzo za Grammy za mwaka 2014 haikupata hata moja. Mnaohesabu, hesabuni.

Kahawa yenu imepoa, naona. Mama yangu ameshanionyesha saa.

Jina la mzee sijalitaja, na sikusahau. Si deni langu peke yangu la kulipa hapa; mwenye sauti yupo. Mzee naye yupo, kaletwa, yule pale kwenye kiti cha plastiki chini ya mti, na mjukuu wake yuko kando yake, leo hana mkoba. Mzee hataki makofi kabla, amesema. Anataka asikie kwanza kama tumelitamka sawasawa, maana jina la babake lina herufi ambayo watoto wa siku hizi wanaimeza.

Mwanangu, panda. Msaidizi, mtambo. Wa tatu kwenye orodha, anza mwanzo kabisa, usikate pumzi ya kwanza. Na wewe uliyemfunga punda pale karibu na spika, tafadhali, msogeze.